KUHAMIA MKOA MWINGINE: UMEME NA MAJI YA NYUMBA

Kila mtu awe na daftari na kalamu yake, maana leo tutasikiliza na tutaandika pia. Mwalimu, tafadhali uwe karibu na ubao.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kusoma namba ndefu, na huenda wengine mlijiuliza: namba yenye tarakimu ishirini ina kazi gani kwa mtu asiyekuwa karani wa benki? Leo mtaiona kazi yake. Tutazungumza juu ya mtu anayehama mkoa mmoja kwenda mkoa mwingine, na jinsi atakavyopata umeme na maji katika nyumba asiyoijua, katika mji asiokuwa na ndugu.

Watu wanahama kila siku. Mwalimu hupewa uhamisho, mfanyabiashara hufuata soko, kijana hufuata kazi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wengi wamefunga mizigo kwenda huko, kwanza watumishi, kisha mafundi, mama lishe na wenye maduka waliowafuata. Basi na sisi tumchukue mtu mmoja wa mfano. Tuseme ni fundi cherehani. Anakaa Tanga na mke wake na watoto wawili, naye anataka kwenda Dodoma kushona sare za shule. Tutamwita Fundi tu, inatosha.

Cherehani, godoro, masufuria na ndoo vitapanda gari. Hivyo havina taabu. Taabu iko katika vitu visivyobebwa. Huwezi kufunga umeme katika gunia, wala huwezi kuondoka na bomba la maji. Tena kuna jambo moja ambalo wapangaji wengi hulijua baada ya kuumia, nalo ni hili: mita haijui mtu. Mita ya umeme haijui kama aliyeingia nyumbani ni Fundi au ni mtu mwingine. Inajua namba yake tu. Mita ya maji ni hivyo hivyo. Deni aliloliacha mpangaji wa zamani halimfuati huko alikokwenda. Linabaki kwenye mita, na yule anayekuja nyuma ndiye anayelikuta.

Mwalimu, andika ubaoni: MITA HAIJUI MTU. Wanafunzi waandike na wasome kwa sauti.

Tuanzie Tanga, kwenye nyumba anayoiacha. Umeme wa Fundi ni wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Kabla ya utaratibu huu, ulioanza katika miaka ya 1990, mtu alitumia umeme kwanza kisha akaletewa ankara. Sasa unanunua kwanza kisha unatumia. Uniti ulizokwisha kuziingiza katika mita hazitoki tena. Ukihama, zinabaki. Kwa hiyo Fundi, wiki mbili kabla ya safari, anunue kidogo kidogo, wala asijaze mita kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Kwa maji, siku ya kuondoka aisome mita, aiandike, kisha alipe maji aliyoyatumia mpaka siku ile, na risiti aitie katika mfuko anaosafiri nao, si katika mzigo. Kama akaunti ya maji iko kwa jina lake, sharti aende ofisi ya maji akaseme kwamba anaondoka. Asipofanya hivyo, atakayeingia atakoga na kufua, na jina litakalodaiwa ni la Fundi. Haya ya Tanga hayana maneno mengi. Mengi yako Dodoma.

Fundi anafika Dodoma peke yake kwanza, na hapo amefanya vizuri. Mke na watoto watafuata nyumba ikiwa tayari. Amepata nyumba ndogo ya vyumba viwili, na mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayekaa mtaa wa pili. Nyumba imekaa bila mtu. Fundi ana haraka, maana nyumba ya wageni inamla fedha kila usiku. Wapangaji wengi hapa ndipo wanapojikwaa: wanatoa kodi ya miezi sita, wanapewa funguo, na usiku wanakaa gizani wakiuliza walie na nani. Hapana budi mita zisomwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Sikilizeni Fundi anavyozungumza na mwenye nyumba.

«Shikamoo, mama.»

«Marahaba, mwanangu. Umeiona nyumba?»

«Nimeiona, mama, nayo imenipendeza. Naomba kuuliza, imekaa bila mtu tangu lini?»

«Tangu mwezi wa tatu. Sasa ni miezi sita.»

«Na namba ya mita ya umeme ni ipi?»

«Sijui, mwanangu. Namba ya nini? Wewe ingia tu, umeme upo.»

Umeme upo, ndiyo, lakini upo nyuma ya namba. Namba ya mita ya LUKU ina tarakimu 11. Huandikwa juu ya mita yenyewe. Katika nyumba nyingine mita iko juu ya nguzo, na ndani ya nyumba kuna kidude tu cha kubonyezea namba. Fundi aisome namba ile yeye mwenyewe, aiandike katika daftari, kisha amwombe mtu wa pili aisome wakati yeye anafuata kwa kidole katika daftari lake. Tarakimu moja ikikosewa, fedha yako inakwenda kumulika nyumba ya mtu mwingine.

Nami niwaambie kisa changu, ingawa hakinipi sifa. Nilipohama mara ya mwisho, simu yangu ilikuwa imehifadhi namba ya mita ya nyumba niliyoiacha. Usiku wa kwanza nikanunua umeme wa shilingi 20,000 bila kutazama. Tarakimu zikaja, nikazibonyeza, mita ikakataa. Nikabonyeza tena, ikakataa. Nikaanza kumlaumu mwenye nyumba moyoni. Kumbe nilikuwa nimenunua umeme wa nyumba ya zamani! Na tarakimu za mita moja hazifungui mita nyingine hata ungefanyaje. Nikampigia simu mpangaji aliyeingia kule, mtu ambaye sikupata kumwona uso, nikamsomea tarakimu zote 20. Akaziingiza, zikakubali, na kesho yake akanirudishia fedha yangu. Alikuwa mwungwana. Si kila mtu atabahatika hivyo.

Sasa tuzisome hizo tarakimu 20. Ukinunua umeme, kwa simu au kwa wakala, unapewa namba ndefu, nayo ndiyo umeme wenyewe. Msiisome kwa mkupuo. Igaweni katika mafungu 5, kila fungu tarakimu 4. Mwalimu, andika ubaoni namba hii, ambayo ni ya mazoezi tu, haifungui mita yoyote:

3071 – 5528 – 0946 – 1183 – 6702

Someni: tatu, sifuri, saba, moja. Pumzika. Tano, tano, mbili, nane. Pumzika. Endeleeni hivyo mpaka mwisho. Angalieni fungu la tatu, linaanza na sifuri, na watu huiruka sifuri kwa kudhani haina maana. Hapa ina maana sawa na tisa. Ukiiruka, utabaki na tarakimu 19 na mita haitakubali.

Kuna nyumba nyingine ambazo utapewa tarakimu nyingi zaidi, nawe usishtuke. Mita za namna hii duniani kote zilitakiwa kurekebishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, kwa sababu hesabu ya tarehe iliyokuwa ndani yake ilikuwa inafika mwisho. Mita iliyorekebishwa inaendelea. Mita iliyofungiwa katika nyumba tupu tangu kabla ya siku ile haikubali umeme mpya mpaka irekebishwe. Hapo mnunuzi hupata mafungu matatu ya tarakimu 20, jumla 60. Fungu la kwanza na la pili ni la kuirekebisha mita, la tatu ndilo lenye uniti. Yaingizwe kwa mpango ule ule yalivyokuja, la kwanza, la pili, la tatu. Ukianza na la tatu, mita itakataa.

Nyumba ya Fundi imefungwa miezi sita tu, kwa hiyo hilo halimhusu. Linalomhusu ni jingine. Ninyi mnajua kwamba Kiswahili chetu kina neno moja, kodi, kwa mambo mawili: kodi ya pango anayopewa mwenye nyumba, na kodi ya serikali. Mambo haya yamekutana ndani ya LUKU. Tangu mwaka 2021, kodi ya jengo, ambayo ni ya serikali, hukatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 1,500. Miezi ikipita bila mtu kununua umeme, kodi ile haisahauliki, inajikusanya, na siku mtu anaponunua inakatwa yote.

Fanyeni hesabu katika daftari. Shilingi 1,500 mara miezi 6 ni kiasi gani?

Ni shilingi 9,000. Fundi akinunua umeme wa shilingi 10,000, inabaki shilingi 1,000 tu ya kununulia uniti. Na akinunua wa shilingi 5,000, huenda asipate uniti hata moja. Mtu asiyejua atasema ameibiwa. Hakuibiwa. Amelipa kodi ya miezi ambayo hakuwepo, ya nyumba isiyokuwa yake.

Je, afanye nini? Asigombane. Turudi kwa yule mama.

«Mama, nyumba imekaa miezi sita. Nitakaponunua umeme, kodi ya jengo ya miezi hiyo itakatwa katika fedha yangu. Naomba tukubaliane kwamba nitakuletea risiti, na kiasi hicho kipunguzwe katika kodi ya pango.»

«Mbona mpangaji wa kwanza hakuniambia maneno haya?»

«Labda hakusoma risiti, mama.»

«Haya, mwanangu, hilo halina ugomvi. Niletee hiyo karatasi.»

Na wala wasiishie katika maneno. Waandike katika mkataba, tarehe na sahihi za wote wawili. Kadhalika waandike nani atakayebeba kodi ya jengo ya miezi inayokuja. Mwenye jengo ndiye mwenye kodi ya jengo, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Wapangaji wengi wananyamaza kwa kuwa shilingi 1,500 ni ndogo. Kwa mwaka ni shilingi 18,000, na mimi sioni kwa nini mtu alipe kimya kimya jambo ambalo lingemalizwa kwa mstari mmoja wa wino.

Sasa tuitazame bei ya umeme wenyewe, maana hapa pana jambo kubwa kwa wale wanaopanga chumba katika nyumba ya watu wengi. Katika bei zilizopangwa mwaka 2016, nyumba inayotumia umeme mdogo, yaani uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ilikuwa katika daraja la nafuu, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ikivuka 75, kila uniti ya juu yake ilikuwa shilingi 350. Daraja la matumizi makubwa lilikuwa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Bei hupangwa na EWURA na huweza kubadilishwa, kwa hiyo kabla ya kuhama mwulizeni wakala au ofisi ya TANESCO bei ya siku hiyo, na mwulize pia mita ya nyumba yako iko daraja gani. Mita huingia katika daraja kwa matumizi ya waliotangulia. Mpangaji wa zamani akiwa alikuwa na friji mbili na jiko la umeme, wewe mwenye taa tatu unaweza kuikuta mita katika bei ya juu, nawe huna budi kwenda ofisini kueleza.

Sasa hesabu. Tuseme nyumba moja ina wapangaji watatu na mita moja. Kila mpangaji anatumia uniti 40 kwa mwezi, jumla 120. Kwa bei zile za mwaka 2016, uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500. Zinabaki uniti 45. Kila moja shilingi 350, hizo ni 15,750. Jumlisheni: 23,250. Lakini kama kila mmoja angekuwa na mita yake, asingevuka 75, na wote watatu wangelipa shilingi 12,000 tu. Tofauti ni shilingi 11,250 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Umeme ni ule ule, watu ni wale wale. Kilichozidi ni mita kuwa moja.

Ndiyo maana nyumba zenye mita moja hazina amani. Mmoja husema, «Mimi nina taa moja tu.» Mwingine husema, «Friji yangu haili kitu.» Wanachanga sawasawa, na kila mmoja anaamini mwenzake anamnyonya. Kama unaingia katika nyumba kama hiyo, uliza mapema wanagawanaje. Kuna waliojifungia mita ndogo, moja kwa kila mpangaji, ili waone kila mtu ametumia kiasi gani. Mita ndogo hazishushi bei, maana kwa shirika nyumba bado ni moja, lakini zinaondoa manung'uniko.

Pasipokuwa na mita ndogo, hesabu ya kawaida inaweza kusaidia. Kila chombo cha umeme kimeandikwa wati zake, aghalabu chini au nyuma. Wati 1,000 zikitumika kwa saa 1 ni uniti 1. Taa ya wati 10 itawaka saa 100 ndipo imalize uniti 1. Pasi ya wati 1,000, ikiwa katika moto wakati wote, inamaliza uniti 1 kwa saa 1. Mnaona? Saa moja ya pasi ni sawa na saa mia za taa ile. Na Fundi wetu ni mtu wa sare za shule, anapiga pasi kila siku! Angekuwa katika nyumba ya mita moja, haki ingekuwa kwake kuongeza mchango, au atumie ile pasi ya mkaa aliyorithi kwa mzee wake. Bahati nzuri amepanga nyumba peke yake.

Au ndivyo anavyodhani. Sharti ahakikishe. Azime swichi kubwa ya nyumba, kisha atazame mita. Mita nyingi zina kitaa kidogo chekundu kinachomweka kadiri umeme unavyotumika. Kila kitu kikiwa kimezimwa, kitaa kile kisiendelee kumweka. Kama mita iko nguzoni, asome uniti zilizobaki, aandike, akae saa mbili na nyumba imezimwa, asome tena. Zikiwa zimepungua, kuna waya unaokwenda kwa jirani au kibanda cha nyuma. Asiuguse waya ule. Amwite mwenye nyumba, na kama kuna wizi, waitwe wenye kazi yao.

Tunakuja kwenye maji. Umeme wa Tanga na umeme wa Dodoma ni wa shirika moja, lakini maji sivyo. Kila mji mkubwa una mamlaka yake. Tanga ni Tanga UWASA, Dodoma ni DUWASA, Mwanza ni MWAUWASA, Dar es Salaam na Pwani ni DAWASA. Kwa hiyo risiti na akaunti ya Tanga haimsaidii Fundi hapa. Anaanza upya. Na walio Unguja na Pemba wanajua kwamba kwao hata umeme ni wa shirika jingine, na LUKU yao huitwa TUKUZA.

Mtu wa Tanga akifika Dodoma hana budi kuzoea jambo jingine. Dodoma haina ziwa wala mto mkubwa. Kwa miaka mingi mji umetegemea zaidi visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Kwa hiyo maji huja kwa mgawo. Mwenye nyumba akikwambia, «Maji yapo,» mwulize jirani, «Yanatoka siku gani, na saa ngapi?» Jirani ndiye anayejua, maana ndiye anayeamka usiku kujaza mapipa. Kama yanatoka mara mbili kwa wiki, Fundi atahitaji pipa au simtanki kabla watoto hawajaja. Tena aangalie sana bomba lisiachwe wazi siku ambayo hakuna maji. Mtu hufungua, haoni kitu, anasahau kufunga, na maji yakija usiku wa manane yanamwagika mpaka asubuhi huku mita inahesabu.

Mita ya maji husomwa hivi. Zile tarakimu nyeusi ndizo uniti, na uniti moja ni lita 1,000. Zile nyekundu ni vipande vya uniti, ankara haizihesabu. Lita 1,000 ni ndoo ngapi za lita 20? Gawanyeni. Ni ndoo 50.

Fundi anamwomba mama ankara ya mwisho ya maji. Imeandikwa usomaji wa mwisho: 388. Anakwenda kwenye mita uani, anafuta vumbi, anasoma: 412. Toeni 388 katika 412. Zinabaki 24. Uniti 24 mara ndoo 50 ni ndoo 1,200. Maji hayo yametumika na hayajaingia katika ankara. Ni nani aliyeyatumia, nyumba ikiwa imefungwa miezi sita? Ama ni mpangaji wa zamani kabla ya kuondoka, ama ni majirani waliokuwa wakichota uani, ama ni bomba linalovuja chini ya ardhi. Kwa vyovyote si Fundi. Lakini asipoandika 412 leo, mwezi ujao ataletewa ankara yenye uniti zile 24 pamoja na zake, na hatakuwa na la kusema.

Kuhusu bomba linalovuja, njia ya kulijua ni rahisi. Siku ya maji, fungeni mabomba yote ya nyumba, kisha tazameni kile kigurudumu kidogo ndani ya mita. Kikizunguka na hakuna anayetumia maji, yanapotea mahali. Litengenezwe kabla ya mpangaji kuingia, kwa fedha ya mwenye nyumba.

Basi Fundi na yule mama wanasimama mbele ya mita wote wawili. Wanaandika tarehe, usomaji 412, wanatia sahihi. Kwa kuwa simu ya Fundi ina kamera, anapiga picha pia. Picha ni nzuri, lakini simu huibiwa, karatasi iwepo.

Baada ya hapo Fundi aende ofisi ya maji na namba ya akaunti. Aulize mambo mawili. Kwanza, deni ni kiasi gani? Ofisi ina uwezo wa kumwonyesha. Kama kuna deni la zamani, alipe mwenye nyumba, au Fundi alipe na apunguziwe katika kodi ya pango, nalo liandikwe. La pili, ujumbe wa ankara unakwenda katika simu ya nani? Mara nyingi bado unakwenda kwa mpangaji wa zamani, naye anaufuta. Fundi hapati ankara, anadhani hadaiwi, kisha siku moja anakuja kijana na spana kufunga maji. Aombe namba ya simu ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Ofisini ataulizwa kitambulisho, na pengine mkataba wa nyumba. Yafaa kabla ya hapo awe amepita serikali ya mtaa kujitambulisha, kwa mwenyekiti au mtendaji, na kuomba barua ya utambulisho. Wengine huona ni usumbufu. Lakini mgeni asiyejulikana mtaani hana wa kumsemea siku ya taabu, na mwenyekiti ndiye anayejua pia taka zinabebwa siku gani na gari la kunyonya maji machafu linaitwa kwa nani.

Malipo ya maji hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mitaani huitwa kontrolo namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Sikilizeni sana hapa. Akija mtu mlangoni, hata akiwa amevaa koti lenye nembo, akasema, «Nitumie fedha katika simu yangu, nitakumalizia ofisini,» mwambieni kwa adabu, «Ndugu, nipe kontrolo namba.» Hesabuni tarakimu zake. Kama si 12, kama hazianzi na 99, fedha ikae mfukoni. Mgeni wa mji ndiye anayetafutwa na watu hao, kwa sababu hajui sura za wafanya kazi wa kweli.

Limebaki jiko. Mtungi wa gesi uliojaa si mzigo wa kutia ndani ya basi la abiria. Ni afadhali Fundi aununue Dodoma. Akinunua, mtungi upimwe katika mizani mbele yake. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya chuma chake. Akitaka gesi ya kilo 6, na mtungi mtupu ni kilo 7, mizani ionyeshe 13. Ikionyesha 11, mwulizeni muuzaji zile kilo 2 ziko wapi.

Siku ya nne Fundi ananunua umeme wa shilingi 20,000. Shilingi 9,000 zinakatwa kwa kodi ya jengo ya miezi sita, kama alivyotazamia. Anaingiza tarakimu 20, fungu kwa fungu, taa inawaka. Risiti anaipeleka kwa yule mama. Kisha anampigia simu mke wake Tanga, anamwambia aje na watoto siku ya Jumamosi, na asisahau ndoo mbili kubwa, maana maji ni Jumanne na Ijumaa.

Sasa kazi ya kufanya nyumbani. Kila mmoja aandike katika daftari namba ya mita ya umeme ya nyumba anayolala, tarakimu 11. Kama kuna mita ya maji, aandike tarakimu nyeusi za leo jioni, na tarakimu nyeusi za siku ile ile wiki ijayo, atoe, kisha ageuze uniti ziwe ndoo. Ambaye nyumba yake haina mita amsaidie jirani. Na mwenye risiti ya LUKU, hata iliyokunjika, aje nayo darasani, maana wiki ijayo tutaisoma mstari kwa mstari: fungu la EWURA ambalo ni asilimia 1, fungu la REA ambalo ni asilimia 3, na hayo mengine yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Mwalimu, darasa sasa ni lako. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.